Nusu Tangi ya Mzee Pazi

Baba yetu, Mzee Pazi Abeid, leo mwaka umetimia tangu ututoke, na pikapu yako bado tunaiendesha hapa Mkuyuni.

Ulikuwa na mguu mwepesi. Ukiona kona au watu mbele, uliachia mafuta mapema, gari likapunguza mwendo lenyewe. Kila Ijumaa ulipima upepo wa matairi. Ukimsubiri mtu sokoni ulizima injini, nasi tukakucheka. Mama alikuwa akisema ndizi zake zinaivia njiani kabla hujamfikisha mjini.

Wala hukuwa bahili, Baba. Hukutaka tangi lishuke chini ya nusu, kwa sababu kituo cha mafuta kiko mjini na wagonjwa wako huku mlimani. Ukiitwa, ulitoka. Hukumtoza mgonjwa hata mmoja.

Ni mimi Mwanvita, binti yako, niliyeiazima pikapu siku ile kwenda Dumila kununua vitunguu. Lami ikanidanganya. Nikakanyaga mafuta, nikawapita watu, nikifika kwenye tuta nafunga breki ghafla. Dumila nikapiga soga karibu saa nzima injini ikiunguruma, eti nipate ubaridi wa kiyoyozi. Kurudi nikapita mjini bila kujaza. Nikasema kesho.

Asubuhi yake kifua kikakubana. Tukakupakia, na gari likazimika katikati ya safari. Tukakaa kando ya barabara tukimsubiri mdogo wangu Sufiani, aliyekwenda na bodaboda kutafuta mafuta. Hukuuliza nani aliyamaliza. Ulinishika mkono ukasema, "Yakija usikimbize, mwanangu. Taratibu tutafika."

Yalikuja, Baba, ila hukufika.

Mama ananiambia siku yako ilikuwa imeandikwa. Namwitikia, lakini moyo umegoma kabisa.

Siku hizi naendesha kama wewe, na ninachekwa mimi. Mwaka mzima tangi halijashuka chini ya nusu. Juzi tulimwahisha jirani yetu Mwalimu Jesca hospitali, akajifungua salama. Nilifurahi, kisha nikakaa ndani ya gari nikalia, maana ni wewe tu nisiyekufikisha.

Mkeo Mwanaheri, wanao Mwanvita na Sufiani, wajukuu zako, na watu wa mlimani uliowabeba, tunakuombea kwa Mwenyezi Mungu akupe makazi mema.

Kila tukiwasha gari tutakukumbuka, Baba. Nami unisamehe.