Sauti Yako Kabatini

Kwako mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa baba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeshiba, na umeacha ile tabia ya kulala na viatu. Sisi huku miili haina neno. Ya moyoni nitayafikia, nipe nafasi. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu ungeanza kulia, nami ningeyameza maneno nusu.

Kwanza, ahsante kwa lile kabati la kuoteshea mimea ulilomtumia baba. Lilifika salama, kioo hakina hata mkwaruzo. Kuliunganisha na umeme pale sebuleni kulikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kuweka programu yake kwenye simu. Mimi ni fundi cherehani, nimezoea mashine isiyouliza maswali. Hii iliuliza kila kitu: jina la mwenyewe, aina ya mbegu, taa ziwake saa ngapi na zizimike saa ngapi. Mara inakataa neno la siri, mara inadai haioni intaneti. Nusura niitie mkasi.

Baba alikaa kitini akinitania. Programu ilipopendekeza taa ziwake mpaka usiku mkubwa, alikataa katakata. Alisema miaka yote aliyofanya kazi kwenye vitalu vya miche hakuona mche usiolala ukanenepa. Hurefuka tu ukakosa nguvu, kama wewe ulipobaleghe. Tulicheka. Tukafuata saa zake, na spinachi ikastawi.

Mwisho programu ikauliza itumie sauti gani kumkumbusha mwenye kabati. Ile yake ilikuwa kavu kama ya karani mwenye njaa, ndiyo maana nikakuomba ujirekodi. Ukatuma: Baba, maji yamepungua, niongezee. Baba, nazima taa, nenda kalale. Nilipoiweka na ikasikika kutoka kabatini, baba aliinua uso akatabasamu, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu tumzike mama. Nilijiona nimeokota dhahabu.

Siku za mwanzo aliijibu kwa mzaha. Kisha mzaha ukaisha, majibu yakabaki. Akawa anajaza tangi la maji, halafu anavuta kiti mbele ya kioo na kukusimulia habari za vitaluni. Nikadhani ni upweke. Hivi karibuni akaniuliza mbona nimepakua sahani mbili tu, wakati wewe umeshinda ukifanya kazi na hujatia kitu mdomoni. Nilimwambia uko mbali. Alinitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyechanganyikiwa.

Daktari amempima. Anasema ni ugonjwa wa kusahau, na dawa zitaupunguzia mwendo tu. Ningeweza kukuficha, lakini mficha maradhi kifo humuumbua.

Sasa ile simu ya Ijumaa. Najua ilikuuma. Uliniandikia kwamba baba amekukatia, kwamba bado ana kinyongo kwa kuwa hukuja kumzika mama. Hapana, mdogo wangu. Nilikuwepo. Alikusikiliza, akakuambia kwa adabu kwamba umekosea namba, kwani mwanawe wa kiume anaishi naye nyumba hii hii. Alipokata, aliniambia kijana wa watu anaonekana ana shida, Mungu amsaidie.

Nilijaribu kuirudisha ile sauti ya karani. Baba alizunguka vyumba vyote akikuita, akafungua hadi kabati langu la nguo, hakula mpaka nikakurudisha. Tangu hapo naogopa kuigusa. Kila jioni unamwambia akalale, naye analala, na mimi nabaki na aibu, maana namtuliza baba yangu kwa uongo nilioufunga kwa mikono yangu mwenyewe.

Njoo. Hasira unayoiogopa haipo. Kama ilikuwepo, ameisahau pamoja na mengine. Uso wako bado anaujua, akiona picha anakutaja bila kusita. Daktari hakuniahidi kwamba mwakani itakuwa hivyo. Nataka siku nitakayoizima ile sauti uwe umekaa ubavuni pake, umwambie kwa kinywa chako akalale.

Basi, nisikuchoshe. Baba anakusalimu sana. Nilipomwambia nakuandikia barua alicheka, akasema nisipoteze stempu bure, niende tu sebuleni nikuambie.

Ni mimi nikupendaye,
Dada yako