Mke Mwenzangu wa Chuma

Baba Ezekia,

Kama huko uliko kuna stuli, kaa kwanza. Kama hakuna, waulize malaika walikuwa wanangoja nini muda wote huu na seremala ameshafika. Nina habari za mke mwenzangu.

Ndiyo, huyo huyo, mashine yako ya randa. Ulipokuwa hai nilimwita hivyo kwa hasira. Sasa namwita kwa heshima, maana tumepita mengi mimi na yeye, na mengine naona aibu hata kuyaandika. Lakini nitaandika. Uliponifundisha herufi kwa ile penseli yako bapa, kwenye vipande vya paina, ulisema, "Siku moja utaniandikia barua." Nikakucheka, nikakuuliza wewe utakuwa umekwenda wapi. Basi.

Tulipomaliza kukuzika, kabla hata sijarudisha masufuria ya majirani, ukoo ulikaa kugawa vitu vyako. Mdogo wako Lameki ndiye aliyekalia kiti cha mbele. Alichukua koti lako la mvua akalivaa pale pale, na jua linawaka. Ezekia wetu akapata baiskeli na redio, akavipakia avipeleke kwake Tunduma. Halafu Lameki akatoa hukumu: kinachofanya kazi kigawiwe, kilichokufa kiuzwe. Wote wakageuka kutazama karakana.

Unajua mwenyewe alikuwaje. Miaka ile miwili ya ugonjwa wako hakuna aliyemgusa, kutu imemvaa, kuku wanamtagia juu ya meza. Ezekia akasema anamfahamu mnunuzi wa chuma chakavu, ana lori na nyundo kubwa, atamvunja vipande nusu siku.

Sijui nini kilinipata. Mimi niliyemtukana yule mashine tangu niolewe, mimi ndiye niliyesimama. Nikasema, "Mke wa mtu havunjwi na nyundo." Wakacheka mpaka mchungaji akacheka. Nikawaambia nipeni muda mpaka kahawa ivunwe. Akiranda mbao, anabaki. Asiporanda, nyundo ya kwanza nitapiga mimi. Lameki akakubali haraka, alikuwa anaiva ndani ya lile koti.

Aliyenisaidia ni Lusia. Yule yule mziwanda wako uliyekuwa unamfukuza mlangoni ukisema mtoto wa kike atakatika vidole. Sasa anachomelea mageti Vwawa na vidole vyake vyote kumi anavyo, nimevihesabu. Kila Jumamosi alishuka kwenye Hiace na brashi ya waya na mafuta ya taa, tukakaa tunamsugua mke mwenzangu kama bibi harusi.

Na hapo ndipo nilipokufumania, mwanaume wewe. Rangi ya juu kabisa, chini ya kutu, ilikuwa ya waridi. Waridi! Ile ile ya chumba chetu! Uliniambia rangi imeisha madukani ndiyo maana ukuta wa nyuma haukumaliziwa. Miaka yote nimelala nikitazama ukuta nusu, kumbe nusu nyingine umempaka yeye. Nilikaa chini nikacheka peke yangu, halafu nikalia kidogo, halafu nikasugua kwa nguvu zaidi.

Chini ya waridi kulikuwa na bluu, chini ya bluu kijani cha yule mzungu wa shamba la kahawa, na chini ya kijani maandishi yaliyovimba kwenye chuma chenyewe. Lusia akasoma, akasema ni mji alikotengenezwa, ng'ambo, na namba yake. Nikamweleza yale uliyonieleza: mzungu alivyoondoka, mashine akatupwa bandani, wewe ukaenda kumwomba na kumburuta kwa ng'ombe wanne juu ya magogo siku tatu mpaka hapa Iyula. Mwezi uliofuata ukaja kuniposa mikono ikiwa na grisi. Mama yangu akauliza, "Huyu kijana ana mashine, au mashine ndiyo ina kijana?" Hakujibiwa mpaka amekufa. Kama mmeonana huko, mjibu.

Shida ilikuwa kwenye shingo yake, pale mti wa chuma wenye visu unapozungukia. Ezekia alileta fundi wa Tunduma, akasema tutoe vyote tuweke beringi za vigololi. Lusia akakataa, akasema mashine wa zamani hana vigololi, analalia kitanda cha madini meupe laini, na kitanda kikilika unakiyeyusha ukamimina kingine. Nikakumbuka ulishawahi kufanya hivyo. Nikakumbuka pia uliyeyushia kwenye sufuria yangu ya makande. Nikaenda kuileta, iko bado, na harufu yake.

Lusia akaufukiza ule mti wa chuma kwa moshi wa kibatari ili madini yasiugande. Mimi nikaziba pembeni kwa udongo, kama mama alivyokuwa anafinyanga vyungu, nikajiona fundi. Kiburi, baba Ezekia. Udongo ulikuwa bado mbichi. Lusia alipomimina, madini yakachemka yakatema mate juu kama swila, na tone moja likaenda moja kwa moja kwa Lameki, aliyekuja kuangalia kama tumeshachoka. Likatoboa koti. Yeye mzima, koti lina tundu mgongoni. Nilimwambia Mungu asante, halafu nikamwambia Lameki pole.

Mara ya pili udongo niliukausha jikoni siku tatu. Kitanda kikakubali. Mti ukazunguka kwa kidole kimoja, bila kelele. Tukajua tumeshinda.

Hatukuwa tumeshinda.

Kahawa ikavunwa. Lori likaja. Ezekia na shati lake jeupe la ofisini, Lameki na koti lake, mnunuzi na nyundo, majirani ukutani kama kuna mpira. Lusia akazungusha hendeli ya injini yako ya dizeli, ikakohoa, ikashika. Mkanda wako wa ngozi panya walishaula, kwa hiyo alikata mpya wa mpira, akaufunga umenyooka vizuri kutoka kwenye injini mpaka kwa mke mwenzangu. Akaingiza ubao wa paina.

Haukukatika. Mashine anazunguka, anapiga kelele, moshi unatoka, ubao umesuguliwa mweusi kama umebusu chungu. Lusia akazima, akatoa visu, akanoa upya, akarudisha. Vile vile. Akanoa tena. Vile vile. Lameki akasema kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi, "Shemeji, hata chuma kinazeeka, kinabaki na ufizi." Mnunuzi akanyanyua nyundo akaniuliza, "Bibi, tuanzie wapi?" Lusia akageukia ukutani. Nikaona mabega yake.

Mimi nimesimama kwenye ule mlango kukuletea chakula miaka mingapi? Ugali ukapoa mikononi kwa sababu ulisema, "Ngoja, ubao huu tu." Sikuwa na kitu cha kutazama ila mkanda. Nikautazama sasa, nikaona huu mpya una adabu mno. Umenyooka. Wako haukunyooka hata siku moja! Ulipishana katikati, wa juu unashuka chini, wa chini unapanda juu, kama mwanamke aliyekunja mikono kifuani kwa kunyimwa kitenge.

Nikapiga kelele, "Lusia! Mkunjie mikono!"

Wakafikiri nimechanganyikiwa. Ezekia akanishika bega, "Mama, twende ukapumzike." Nikamwambia apumzike yeye, nikaenda kuushika mkanda mwenyewe. Lusia akatazama, akatazama, akaziba mdomo. Injini inazunguka upande mmoja tu, baba Ezekia, wewe ulijua. Mkanda ukinyooka, visu vinazunguka kinyume, vinapiga ubao kwa mgongo. Ukipishana, vinageuka vinauma kwa meno. Tulimpa mke mwenzangu kitanda kipya na visu vikali, halafu tukamwambia ale kwa kisogo.

Akakunjiwa mikono. Lusia akaingiza ubao. Mke mwenzangu akalia! Ile sauti yake! Maranda yakaruka kama mvua ya mawe, shati la Ezekia likageuka kuku mweupe, mnunuzi akakimbilia nyuma ya lori akidhani kimelipuka. Mimi nikasimama pale pale nikajikuta nimeinua mikono yote miwili kama niko na sahani.

Injini ilipozimwa, Lameki akakohoa. "Basi, kwa kuwa kinafanya kazi, kigawiwe." Ezekia akasema mtoto wa kwanza ni yeye. Lameki akasema ndugu wa marehemu ni yeye. Kumbe waliokuja kuzika wamegeuka wachumba!

Nikawaambia vizuri kabisa. Lakini kwa desturi zenu, wake wa marehemu hawatenganishwi. Anayemrithi mkubwa, huyu wa chuma aliyenitangulia, amchukue na mdogo, mimi. Nalala mapema, nakoroma, sipendi kuulizwa ulizwa, na chumba changu kina ukuta mmoja haujapakwa rangi, aanze na huo. Haya, Lameki, niende kufunga nguo?

Lameki akakumbuka ng'ombe hajawafunga. Sijawahi kumwona mzee akipanda kilima vile. Ezekia alicheka mpaka akakaa kwenye maranda na shati lake, na alipomaliza kucheka alikuwa analia. Ndiyo mara ya kwanza namwona analia tangu ufe. Akasema, "Mama, mashine ni ya Lusia. Mimi hata msumari naukunja." Na yule mnunuzi, alipotoka nyuma ya lori, akauliza kama tunaweza kumrandia mbao za bodi ya gari, zake zimeoza. Tukamrandia.

Sasa nikuambie la kweli, halafu nikuache upumzike. Ulipoondoka nilikuwa nimeanza kufunga virago. Nilimwambia Mungu nimechoka, anichukue nikufuate. Nguo ya kunizikia niliitenga sandukuni. Nimeitoa, nimeikata aproni. Lusia hana mtu wa kupokea mbao zinapotokea upande wa pili, kwa hiyo nasimama mimi. Kwa hiyo ahadi yangu ndiyo hii, mume wangu: nitakuja, lakini usisimame mlangoni kuningoja. Nitachelewa.

Lala salama. Na nina lawama moja, nitakuja nayo. Ubao ukitoka pale unatoka na joto, kama mkono wa mtu. Miaka yote ile, mbona hukuniambia?

Mimi wako,
Mama Ezekia