Chumba cha Mama na Mashine za Hamisi

Mdogo wangu Hamisi,

Asalaam aleikum. Kama umeniamkia, marahaba. Kama hukuniamkia, hebu weka karatasi hii chini, useme shikamoo dada, kisha uiokote uendelee, maana leo nataka unisome kwa adabu. Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi, ila moyo si mzima, na sababu utaziona humu. Nakuombeeni afya wewe, mkeo Saumu na watoto. Je, kile kikohozi cha kitinda mimba wenu kimekwisha? Na mama anakula? Usinijibu "anakula" kwa mkato kama ulivyozoea. Anakula nini, na nani anayekaa naye mpaka akamaliza sahani?

Naandika kwa mkono kwa sababu simu umekuwa ukinikatia. Kila nikifika kwenye habari ya chumba, ghafla mtandao wa Msambweni unaharibika. Haya, barua huwezi kuikata. Anakuletea Riziki wa Kombani, ambaye tulikuwa tukifanya usafi pamoja hapa jimu. Mkataba wake umekwisha na anarudi kwao. Mpe maji, mpe chai, umsikilize, kwani haya nitakayokueleza aliyaona kwa macho yake.

Ile sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara nyingi. Wasema hoteli yenu ya Diani ilipofunga iliwapa wafanyakazi vitu badala ya haki zao, nawe ukaangukiwa na mashine za jimu, na sasa ziko uani chini ya turubai zaingia kutu kwa hewa ya chumvi. Wallahi nimekuonea uchungu. Miaka yote ile ya kuwapangusia wageni jasho, halafu mtu akuachie vyuma afunge mlango. Wala wazo la kufungua jimu pale nyumbani si baya, vijana wa Msambweni watakuja. Ukasema, "Dada, wewe wafanya kazi jimu ya Arabuni, nichoree ramani, nyumba ni ndogo, nataka kila kipande kitumike." Hapo sina neno. Lakini hukuishia hapo. Ukasema chumba cha mama ndicho kipana kuliko vyote, kwa hivyo utavunja ukuta wake kishikane na ujia, ile njia ya kutokea barazani, vyuma vya kunyanyua uvipange ujiani, mlango wa uani uuzibe kwa vioo, na mama apelekwe Jego kwa mama mdogo akapumzike.

Akapumzike! Hamisi, mama yuko edani. Udongo wa kaburi la baba haujakauka sawasawa, na eda ya mama haijafika hata nusu. Mjane hukaa eda katika nyumba aliyofiwa na mumewe mpaka siku zake zitimie. Hili hata watoto wa chuo cha Kurani wanalijua, na chuo tulisoma kimoja mimi na wewe. Tangu lini mtu akamtoa mamake edani ili apate kuweka baiskeli zisizokwenda popote?

Nilimpigia yeye mwenyewe nikitaraji atalia, nami nipate nguvu ya kukugombeza. Hakulia. Aliniambia hivi: "Alikuja na futi yake, akapima mpaka chini ya kitanda. Mimi nikainua miguu apite." Kisha akacheka, kile kicheko chake cha kufunika mambo. "Mwache mwenzio, anahangaika na watoto wake. Mimi nitakwenda Jego." Nikamuuliza, na eda je, mama? Akageuka kuwafukuza kuku wa uani. Tangu siku hiyo nikiinama kupiga deki naiona ile miguu ya mama iko juu, inakungojea wewe umalize kupima.

Sasa nikueleze ya huku, ambayo sikutaka kuyasema kwenye simu mama akayasikia. Jimu yetu ni ya wanawake, iko juu ya duka la mazulia. Nilipofika palikuwa na nafasi, mtu akipita na ndoo hamgusi mteja. Lakini tajiri yetu, mwenye jimu, ni mwanamke asiyeweza kuona sakafu tupu. "Hapa panakaa bure," ndilo neno lake. Kwanza aliondoa meza tuliyokuwa tukilia chakula, pakawekwa benchi la vyuma. Halafu ile kona tuliyokuwa tukiswalia, pakawekwa mizani na kioo. Halafu akaingia stoo, nilimokuwa nikilala na Mbeyu, akasimama katikati akigeuka huku na huku.

Mbeyu wamjua kwa sauti. Ndiye yule Mduruma wa Kinango aliyekuwa akininyang'anya simu akuite shemeji, nawe ukawa wababaika. Mkristo, lakini mwezi wa Ramadhani ndiye aliyekuwa akiniamsha daku, akanisukuma kwa mguu na kuniambia, "Inuka ule, mcha Mungu wewe, usije ukaniangukia kazini." Sisi wawili tulihamishiwa chini ya ngazi, na ukuta wa stoo ukavunjwa. Mle ndani zikatiwa mashine za kukimbilia, zimegeuzwa migongo ukutani ili ziingie nyingi. Mwalimu wetu wa mazoezi, dada mmoja wa Ufilipino, alimwambia tajiri wazi kwamba nyuma ya mashine ya kukimbilia huachwa nafasi ya mtu kulala chali, kwa sababu ule mkanda ukikurusha lazima upate pa kuangukia. Tajiri akasema atalifikiria. Akaongeza mashine mbili nyingine, vishikio vikawa vyagusana, na kupita ikawa ni kwa ubavu.

Siku hiyo ilikuwa baada ya adhuhuri, wateja wametoka, sisi twasafisha. Mkanda wa mashine hizo husafishika vizuri ukiwa wazunguka polepole, nasi sote hufanya hivyo, hata wewe najua ulifanya hivyo huko Diani. Mbeyu alikuwa amejibana katikati ya mashine mbili, mguu mmoja juu ya mkanda, anaimba nyimbo zake za kanisani. Alipogeuka kunidai kitambaa kikavu, kiwiko chake kikagusa vile vifungo vya mbele. Mkanda ukachomoka mbio. Ukambeba nyuma, kichwa chake kikapiga ukuta, akakwama pale kati ya mkanda na ukuta, na mkanda haukusimama. Nafasi ya nyuma ilikuwa kiganja tu. Nilimwona, Hamisi, naye aliniona, nami sikuwa na njia ya kumfikia. Nilipanda juu ya baiskeli, nikaangukia mashine ya pili, Riziki anapiga mayowe, mpaka nikaishika ile kamba nyekundu ya kuzimia mashine.

Watu wa gari la wagonjwa walikuja upesi, siwezi kuwalaumu. Machela yao haikupita. Waliisimamisha, wakailaza ubavu, wakarudi nyuma, ikagoma. Ikabidi tuanze kuzitoa mashine moja moja, na kila moja uzito wake waujua, huku Mbeyu amelala na macho wazi akiniangalia. Nikawa namwambia, "Ngoja shoga yangu, twakuja, twakuja." Aliniitikia kwa kichwa mara moja. Tulipomaliza kufungua njia hakuitikia tena.

Mwili wake bado uko hospitali hapa, karatasi hazijakamilika, na mamake yuko Kinango anangoja. Wiki haikwisha, tajiri akaamuru mashine zirudishwe palepale. Ni mimi niliyezisukuma. Nililia huku nazisukuma, lakini nilizisukuma, kwa sababu pasipoti yangu iko kwenye kabati lake. Begi la Mbeyu analo Riziki. Nakuomba umsindikize mpaka Kinango kwa yule mama, usimwache mwanamke peke yake akapeleke mzigo kama huo. Ukimkuta mamake, mwambie wewe ndiye yule shemeji.

Sasa ramani yako hii hapa, iko ndani ya bahasha. Nimeichora vizuri, maana sikuchukii, nataka ule na watoto wako wale. Tumia sebule na kile chumba cha mbele alichokuwa akishonea baba. Ukuta wa kati yake uvunje, huo baba mwenyewe alitaka kuuvunja. Mashine za kukimbilia zitazame madirisha ya barabarani, migongo yake ielekee katikati ya chumba, na nyuma yake pabaki patupu. Nimepatia alama ya msalaba, usipaonee choyo. Baiskeli zikae ubavu kwa ubavu, hizo hazimrushi mtu. Vyuma vya kunyanyua vipandishe juu kwa rafu, vizito chini, vyepesi juu, wala usivitandaze kama viazi sokoni Kombani. Mikeka itundikwe ukutani. Mazoezi ya kamba na ya kulala kifudifudi wayafanyie barazani, kuna upepo na wapita njia watawaona, na hilo ni tangazo tosha. Zitakazozidi uza. Waje kwa zamu; vijana wakijua zamu zao, sehemu ndogo yatosha watu wengi. Wala usianze mpaka mama atoke eda, maana hutaniambia utapiga nyundo na kufungulia muziki ukutani kwa mjane.

Chumba cha mama utakiona kwenye ramani. Nimechora kitanda chake, sanduku lake, na dirisha. Hakuna kitu kingine mle, wala usitie. Na kama wataka tuzungumze kwa ukali, basi ujue mirathi ya baba haijagawanywa, na ukuta ule mama ana haki nao, nami nina haki nao. Sitaki tufike huko. Wewe ni ndugu yangu pekee, nilikubeba mgongoni ukinipaka makamasi.

Nisalimie Saumu, mwambie mafuta ya nywele aliyoyataka yamo ndani ya mzigo wa Riziki. Watoto wabusie mmoja mmoja. Mama mdogo wa Jego mpe salamu, na umwambie yeye ndiye aje Msambweni kukaa na dadake, si dadake kwenda kwake. Mwalimu wetu wa chuo, kama bado anaona, mwambie mwanafunzi wake anaomba dua. Na mama mwamkie kwa niaba yangu, lakini uketi kwanza, usimwamkie umesimama mlangoni na futi mkononi.

Limebaki moja tu. Kwenye ramani utaona ujia wote nimeuacha mtupu, kutoka mlango wa mama mpaka barazani. Najua utasema panakaa bure. Baba mlimwoshea mle chumbani, na njia aliyotokea ni hiyo, na siku mama atakapoitwa hana njia nyingine. Nilitaka kuandika vipimo vyake nikashindwa, kwa sababu sikuwapo, sikuliona lile jeneza la msikiti lilivyopita. Basi chukua futi yako, nenda msikitini ukalipime. Kisha uniandikie upana wake.

Mimi dada yako,
Mwanakombo