Tansio ya Yaya Anselme

Jumatatu, 5 Machi 1984

Nimempima tena kaka yangu mkubwa, Yaya Anselme, kabla ya zamu. Tansio, yaani presha ya damu, 21 kwa 12; ya mtu mwenye afya ni 12 kwa 8. Vidonge anameza. Chumvi hagusi, anadai. Mizani ya dispensari yetu haimwezi, basi tumempima kwenye depo yake, ghalani, juu ya mizani ya magunia ya kahawa. Kilo 154. Wapakizi wakashangilia! Kwao unene wa patroni, tajiri wao, ni sifa ya nyumba. Mimi nilitaka kulia. Baba alikufa kwa moyo akiwa na miaka arobaini na sita. Yaya ana arobaini na tano.

Ijumaa, 16 Machi

Anakwenda Ubelgiji. Watampasua, wamfunge sehemu kubwa ya tumbo, ibaki nafasi ya kiganja. Nimemwambia ni wazimu. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka kumi na minane, sijawahi kusikia mtu akipasuliwa ili asile. Amenuna. Nami nimenuna.

Alhamisi Kuu, 19 Aprili

Telegramu. Amepasuliwa, yu hai. Nimepiga magoti jikoni hadi maharage yakaungua.

Jumapili, 9 Septemba

Amerudi. Uwanja wa ndege nilimpita bila kumtambua. Kilo 115.

Tansio 15 kwa 9. Nimepima mkono wa kulia, wa kushoto, tena wa kulia. Vidonge vyenyewe amepunguziwa.

Nyakasanza, mtaa wetu mzima, unamlilia. Eti amelogwa. Eti ana ugonjwa anaficha.

Jumamosi, 15 Septemba

Siku ngumu. Wakwe wake wametoka Mahagi, watu saba, wamepika bugali mlima mzima. Mkwe akikataa chakula chao amekataa binti yao. Yaya amekula matonge matatu madogo, akaishia hapo. Akizidisha atatapika, pengine hata mshono uachie. Mke wake, Furaha, alikuwa ameketi kando yake.

Mama mkwe alikuwa amempa Yaya mgongo, maana kwao mama mkwe hamtazami mkwe usoni. Akasema, "Mutoto yetu tunarudia naye. Hatuachi mujane hapa."

Nikakasirika. Nikachukua mpira wa kusikilizia moyo. Furaha akaushika kifuani kwa mumewe, mimi nikamvika mama yake masikioni, mgongo bado umegeuka. Mpira mfupi, ikabidi arudi kinyumenyume kama anaingia kwenye tope. Nani angethubutu kucheka?

Alisikiliza muda mrefu sana.

"Iko inapiga polepole," akasema. "Ya muzee yangu, baba ya Furaha, ilikuwa inakimbia, mpaka siku alianguka. Mutoshe hii bugali." Sahani zikaondolewa.

Nimesikiliza mioyo miaka yote hii kama kazi. Leo nywele zimenisimama. Wameshona tumbo, moyo ukatulia. Njia ya kutoka tumboni hadi moyoni siijui. Upasuaji huu niliuita wazimu. Mungu anisamehe.

Jumapili, 2 Desemba

Tumekwenda misa kwa miguu, Yaya na mimi. Kwenye mwinuko pumzi zikaniishia. Yeye alikuwa mbele. Akasimama, akaningoja.

Baada ya chakula nimempima. 13 kwa 8. Akaenda kulala.

Kifaa cha kupimia kilibaki mezani. Nimekifunga kwenye mkono wangu mwenyewe, mara ya kwanza tangu nianze kazi hii. 18 kwa 11. Nimengoja kidogo, nimepima tena. Vile vile.

Nimekaa tu. Akiamka nitamwambia.