Harufu Haikuwa ya Vibuyu

Karatu mjini,
28 Mei 2024

Mpendwa mdogo wangu Hhando,

Hujambo huko Mtwara? Kazi ya hotelini inakwendaje, na lile jino limeacha kukusumbua? Sisi huku wazima. Baridi imeanza, asubuhi ukungu hauonyeshi hata nyumba ya jirani. Baba na mama kule Mbulumbulu hawajambo, na maharage mwaka huu yamekubali.

Salamu zimetosha. Nimeacha simu makusudi, barua hii naituma kwa basi la kesho, maana kwa simu ungeanza utani wako nami ningecheka. Leo sitaki kucheka.

Unakumbuka sinki ulilotufungia Krismasi, ukakataa tusiite fundi eti hotelini umeona wanavyofanya? Ukanawa mikono, ukala kuku, ukaondoka. Haya. Baada ya Pasaka jikoni kukaanza kunuka. Harufu ya shimo la choo, Hhando, inayoingia kwenye chai, kwenye mkate, mpaka kwenye nywele. Nilikuwa napika nimejifunga kitenge puani.

Wakati huohuo mama mkwe wangu, Yeyo Nareyu, alikuwa amekuja kutoka Malambo ili tumpeleke kwa daktari wa macho. Unamjua, ndiye aliyekupa maziwa mgando ukarudia mara tatu. Alikuja na vibuyu vyake viwili vya maziwa, akaviweka karibu na sinki. Mimi mjuaji nikaamua harufu ni ya vibuyu. Nikasema, kwa sauti ya kusikika, kwamba nyumba hii siku hizi ina uvundo wa zizi. Kisha nikavichukua, nikavisugua kwa brashi na sabuni ya unga.

Sabuni ya unga! Miaka tisa nimeolewa na Senteu, najua fika kwa Wamaasai kibuyu husafishwa kwa kijinga cha moto na moshi wake, na sabuni ikishaingia, maziwa yake hayanyweki tena. Yeyo alivinusa, akavifunga kwenye shuka. Kesho yake akaomba kurudi Malambo, siku nne kabla ya kuonana na daktari.

Vibuyu vikaondoka, harufu ikabaki.

Ndipo nikamwita Aloyce, fundi bomba wa mtaani kwetu. Alichungulia chini ya sinki, akaguna, akauliza ni nani aliyefanya uchafu huu. Lile bomba lililopinda, ambalo kona yake lazima itazame chini ili maji yatuame humo na kuzuia harufu ya shimo, wewe umelilaza ubavu ili lisiguse rafu ya kabati! Maji hayakutuama. Mafuta na makombo ndiyo yaliyobaki. Na viungo ukavikaza kwa vipande vya mpira wa tairi la bodaboda. Alipolifungua ukadondoka ute mweusi wenye punje za wali na nywele, na funza weupe wanajinyonganyonga ndani yake. Ptuu! Nilikimbilia nje kutapika. Mpaka leo wali haupiti kooni.

Aloyce alikata ile rafu, akalisimamisha bomba inavyotakiwa, akamwaga maji, akaniambia ninuse. Hamna kitu. Kazi ya nusu saa, Hhando. Nusu saa!

Nilikaa sakafuni nikajichukia kuliko nilivyolichukia lile bomba. Jioni nikampigia Yeyo kuomba radhi. Sijafika mbali, akaniuliza kama jikoni bado kunanuka. Nikamwambia hapana mama, kumbe lilikuwa bomba. Akasema, "Basi sikuwa mimi."

Sasa najua kwa nini alikuwa akioga mara tatu kwa siku katika baridi hii, na kwa nini alikuwa akila chakula chake barazani peke yake. Mimi nilidhani anapenda upepo.

Jumamosi mimi na Senteu tunakwenda Malambo kumchukua, maana daktari amekubali kumwona wiki ijayo. Nitapiga magoti mbele ya watu wote wa boma, na ninastahili. Wewe usinijibu mimi. Mpigie yeye kabla ya Jumamosi, bila utani, umwambie lile bomba ulilifunga wewe. Anahitaji kusikia hivyo kutoka kwa aliyelifunga.

Nisalimie wifi Rahel, na umkumbatie mtoto kwa niaba yangu. Senteu anakusalimu, ingawa kila akifungua lile kabati anatikisa kichwa. Mungu akutunze, na akuepushe na spana.

Dada yako, akupendaye hata kwa leo,
Hosiana