Chakula cha Kibarua Kimenishinda Kwenye Hesabu

Jumamosi, kijijini Tumati. Ukungu umekataa kuondoka tangu asubuhi.

Bwana Yesu asifiwe, ndugu unayesoma. Hujambo huko uliko? Nyumbani hawajambo? Mimi mwili ni mzima, ila moyo haujatulia.

Jumatatu nafanya mtihani wa hesabu wa kidato cha nne. Mimi, mama mtu mzima, nikae na wasichana ninaoweza kuwazaa. Kamati ya chekechea ninakofundisha imeshasema: mwakani, asiyefaulu hesabu hafundishi. Watoto wale wananiita mwalimu. Nikifeli, nitapita pale nje kama mpita njia.

Naogopa.

Namba tupu naziweza. Yananishinda maswali ya maneno, hasa ya malipo kwa saa. Huku kwetu nani analipwa kwa saa? Mtu wa palizi anapimiwa kipande chake, akimaliza anakwenda zake.

Jana Mwalimu Emanueli, kijana anayetufundisha jioni, aliandika ubaoni: kibarua amefanya kazi saa sita, akapewa jumla ya shilingi 15,000, na humo 3,000 ni ya chakula. Kwa saa moja analipwa ngapi?

Malipo ya saa moja nikayaita x. Nikaandika 6x = 15,000. Ikagawanyika vizuri kabisa, 2,500, nikajua Mungu amenisikia.

Emanueli akafika kwangu, akaniamkia kabla ya kushika kalamu nyekundu. "Shikamoo, mama. Chakula umekiweka wapi?"

"Marahaba. Sasa mwanangu, mtu nimlishe halafu nimkate? Shambani kwangu wanakula, na hela yao wanapata yote."

Darasa zima kicheko. Basilisa, jirani yangu, naye anarudia mtihani, akadakia, "Mama Daudi, huyo hajaja kwako! Usije ukampikia makande kwenye karatasi ya serikali!"

"Hatumkati, mama," Emanueli akasema taratibu. "Hela zote anaondoka nazo. Ya chakula tunaitenga tu, ili tuione ya jasho." Akaandika 6x + 3,000 = 15,000. Kumbe x ni 2,000.

Nikaelewa. Nikacheka na mimi.

Leo asubuhi nimejaribu lingine, la mlinzi na nauli yake. Nauli nimeiacha ndani ya jumla tena. Nimemwonea huruma mlinzi wa kwenye karatasi.

Nimepiga magoti kuomba, na katikati ya sala nikajikuta namwuliza Mungu x ni nini.

Jumatatu Emanueli hatakuwepo. Nitamwambia yule kibarua kimoyomoyo: baba, kaa pembeni ule, hela yako hakuna aliyeigusa. Ndipo niandike. Lakini mkono utanitii?

Ndugu yangu, nijibu upesi, kabla sijaingia. Niambie tu kama na wewe uliwahi kuogopa hivi mlangoni, na bado ukaingia.