Maini ya Mama, Kibofu cha Meneja

Shangazi mpendwa, shikamoo. Nakuomba unishike mkono maana sijui nishike lipi niache lipi, mimi ni fundi wa mapazia, nashonea sebuleni kwangu, naishi na mama mkwe pamoja na mbwa aliyeachwa na marehemu baba mkwe, mbwa mwenyewe tunamwita Meneja kwa sababu analala mlangoni na hakuna mteja anayepita bila kukaguliwa, mume wangu ni dereva wa malori na nyumbani anakuja kama mgeni, kwa hiyo mzigo wote ni wangu.

Huyu Meneja alianza kukojoa damu, nikampeleka kwa daktari wa mifugo, akampiga picha akakuta mawe kwenye kibofu, akampasua akayatoa, akayapima, akaniambia mawe ya aina hii mbwa wengine wanayo kwenye asili yao na chakula kinayachochea, hasa maini na figo, kwa hiyo asionje tena, ale chakula chake maalumu tu, la sivyo yatarudi na kwa umri wake kupasuliwa tena ni hatari. Nikaitikia sawa, lakini nilijua nina kazi, kwa sababu mama mkwe naye daktari wake amemwambia damu imepungua, ale maini, na mama tangu afiwe hali mpaka Meneja awe miguuni pake, kipande kwake, kipande kwa mbwa, kama marehemu alivyokuwa akifanya. Nikimfungia mbwa nje, mama anasukuma sahani na kusema, "Nimeshiba, mwanangu, ondoa tu," na sahani haijaguswa. Nikimwacha ndani, mama anakula vizuri na mbwa anakula maradhi yake, nami nawaona vizuri kabisa kwa sababu chakula changu nakulia hapohapo kwenye cherehani, kazi zikiwa nyingi sina nafasi ya kukaa mezani.

Nilijikaza siku moja nikamwambia, "Mama, daktari amesema Meneja asipewe maini." Akanijibu, "Huyo daktari amemjua lini? Mimi nimemlea tangu hajafumbua macho." Nikarudi kwenye cherehani, mkwe ni mkwe. Habari ya mawe na kupasuliwa sikumwambia kabisa, wakati ule alikuwa kwa binti yake, na aliporudi manyoya yalikuwa yameshaota juu ya kovu, nikaona kwa nini nimpandishe presha.

Sasa damu imerudi. Juzi Meneja amekojolea mapazia meupe ya mteja, yameshapigwa pasi, mteja akaniuliza, "Fundi, nimeagiza mapazia au nepi?" Tangu hapo bakuli lake la maji naliondoa asubuhi ili mkojo upungue, na kweli umepungua, anasimama ukutani muda mrefu anajikamua, yanatoka matone tu. Mume wangu kwenye simu anasema, "Mbwa mzee huyo, achomwe sindano apumzike, yaishe." Shangazi, nikimuua mbwa mama ataacha kula, nikimwacha na maini anakufa mwenyewe, na nampenda, usione naandika hivi. Nifanyeje?

Mimi, fundi niliyekwama.

*

Marahaba, fundi. Pole, na uipokee mapema kwa sababu nina ugomvi nawe.

Maini umeyaandikia barua nzima, halafu habari ya maji ukaipitisha haraka kama mtu anayepitisha magendo. Mbwa mwenye mawe unamnyima maji? Mkojo ukiwa mzito ndipo mawe yanapojijenga. Maji ndiyo yanayouzimua na kukisafisha kibofu, na nina hakika daktari alikwambia, ila wewe ulisikia maini tu. Umeokoa mapazia, umemtesa mbwa.

Sasa weka gazeti chini. Mbwa dume anayejikamua akatoa matone, huenda njia yake inaziba, na ikiziba kabisa atakufa kabla barua nyingine haijanifikia. Mpeleke kwa daktari leo hii, tena sasa. Mteja wako atasubiri, madirisha yake hayaendi kokote.

Nenda na mama. Ndiyo, huyohuyo mwenye presha. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe umemficha mtu mzima ugonjwa wa mbwa wake, kisha unamlaumu kwa asilolijua. Ulimletea katazo bila sababu, ulitaka akujibuje? Mwombe daktari amwonyeshe picha ya mawe. Aliyemlea mbwa tangu hajafumbua macho hawezi kumlisha kinachomuumiza akishajua kinamuumiza. Huyo mumeo anayetoa hukumu kwa simu, mwambie daktari ndiye atakayesema kama Meneja anatibika, na akija likizo zamu ya kumtoa nje ni yake.

Mkirudi, maji yasikauke bakulini, na kulijaza iwe kazi ya mama. Chakula cha daktari kilowekwe maji. Mtoe nje mara nyingi, hata kama mteja ameketi, kwa maana mbwa anayebanwa na mkojo siku nzima ndiye anayemaliza haja kwenye mapazia. Wala usimfungie wakati wa kula. Alale palepale miguuni pa mama, na mama amlishe kwa mkono wake, lakini kutoka kwenye bakuli la Meneja. Mazoea ya marehemu yabaki, kinachobadilika ni tonge tu.

Limebaki moja, nalo halimhusu mbwa. Unasema mama hali bila Meneja. Mimi nilivyokusoma, mama hali peke yake, na katika nyumba hiyo anayekaa naye mezani ni mbwa tu. Wewe upo cherehanini, sahani pembeni, unawatazama. Zima mashine, fundi. Vuta kiti, kaa naye.

Na kile kipande cha maini alichokuwa akipewa Meneja, kula wewe.